Hasira Iliyopozwa

Ukanda wa Bi Atuganile ulizimika dakika tatu kabla ya filamu kuanza. Sheria ya ukumbi ilikataza mtazamaji yeyote kukaa bila ukanda, na akiba ilikuwa imekwisha, kwa hiyo Subilaga alivua wa kwake akamfunga mama yule kwenye paji la uso.

"Na wewe je, mwanangu?"

"Mimi nimeshaiona mara kumi na moja, mama. Leo nitakaa tu."

Aliyasema hayo bila kufikiri. Alikuwa na miaka arobaini na moja, na kwa miaka minane alikuwa fundi wa mikanda katika Ukumbi wa Kutazama wa Ilolanga. Kazi yake ilikuwa kuichaji, kuifuta jasho, na kuhakikisha kila mmoja unasoma: mapigo ya moyo, joto la ngozi, damu inavyokwenda nyuma ya paji la uso. Katika filamu za serikali wahudumu nao walitakiwa kuvaa. Hakuwahi kuitazama filamu hii bila ukanda hata siku moja.

Taa zilififia. Watu mia moja na arobaini waliegemea viti vyao.

Ilianza kama kawaida kwa picha ya dunia kutoka juu, kisha moshi wa viwanda, barafu inayomeguka baharini, mashamba yaliyopasuka kama kisigino cha mkulima. Sauti nzito ya mwanamume ilieleza namna hewa chafu ilivyolifunika anga na kulipasha joto, mwaka baada ya mwaka, hadi misimu ikapotea njia. Subilaga alikunja mikono akasubiri. Alijua kinachofuata ni Mto Mwanyasi.

Mto ukatokea, mchanga mtupu, na katikati ya mchanga mwanamke aliyepiga magoti akichimba kwa bakuli la plastiki. Kando yake alikaa mtoto wa kike wa miaka sita, midomo imekauka, akimtazama.

Mwanamke yule alikuwa mama yake Subilaga, Tusajigwe. Mtoto alikuwa Subilaga mwenyewe.

Hili alilijua. Aliliona mara kumi na moja. Kila mara kifua kilimlainika, machozi mawili matatu yakamtoka, akatoka nje akitamani chai. Aliwahi hata kuwaambia wageni wa Wilaya, kwa fahari kidogo, kwamba yule ni mama yake. Lakini leo aliona mambo ambayo hakuwahi kuyaona. Kucha za mama yake zilikuwa zimeng'oka. Bakuli lilipotoka shimoni lilikuwa na tope, na mama alilichuja kwa khanga, akampa mtoto kwanza, na yeye akalamba kitambaa. Miezi mitatu baadaye alikufa kwa kuhara. Mpiga picha alikuwa amesimama hatua nne kutoka pale, na kivuli chake kilipoanguka mchangani, mkononi ilionekana chupa ya maji.

Subilaga alihisi kitu cha moto kikimpanda. Hakukitambua mara moja. Ilikuwa miaka mingi tangu ahisi hasira.

Filamu ilisonga mbele. Ikaja kanda ya mkutano: wanaume sita na wanawake wawili mezani, wakurugenzi wa Kampuni ya Mvuapwani, miaka arobaini na mbili iliyopita. Mhandisi mmoja aliwaeleza kwamba minara yao juu ya safu ya milima, ile inayovuta mawingu na kuyasafirisha hadi mabwawa ya miji ya pwani, ingeua mto wa bondeni ndani ya miaka saba. Ukame tayari ulikuwepo, alisema, minara ingeumalizia. Mkurugenzi aliyekuwa mwisho wa meza aligeuza kalamu yake vidoleni. "Watazoea," alisema, na wawili kati ya wenzake walicheka.

Ukumbi mzima ulishusha pumzi.

Subilaga aligeuka. Watu mia moja na arobaini walikuwa wameshusha pumzi kwa wakati mmoja, kama mtu mmoja anayejinyoosha kitandani. Nyuso zilikuwa na majonzi ya kupendeza. Kwenye kiti cha jirani Mzee Asangwile, mumewe Bi Atuganile, ambaye alizika watoto watatu katika ukame ule, alijifuta jicho kwa kidole huku akitikisa kichwa taratibu, kama mtu anayesikiliza kwaya.

"Sote tulikosea," ilisema sauti nzito mwishoni, huku jua likichomoza nyuma ya minara ileile, ambayo bado ilikuwa kazini kilomita ishirini kutoka walipoketi. "Na sote tutasameheana."

Sote. Neno lile lilimpiga Subilaga kama kofi. Mama yake aliyelamba tope kwenye khanga alikuwa ndani ya hiyo "sote". Yeye mwenyewe alikuwemo, na miaka yake sita.

Watu walipiga makofi ya upole. Mlangoni, wakirudisha mikanda, walisema yale waliyosema siku zote.

"Imetengenezwa vizuri."

"Inatuliza roho, kwa kweli," Bi Atuganile alisema, akimrudishia Subilaga ukanda wake. "Ahsante, mwanangu. Mbona umekunja uso hivyo?"

* * *

Kisanduku cha kuendeshea mikanda kilikuwa ukutani, nyuma ya skrini, na ufunguo wake alikaa nao msimamizi. Lakini fundi hahitaji ufunguo kwa bawaba alizozifunga mwenyewe. Subilaga alifungua skrubu nne akatoa mlango.

Alijua kwamba ukanda haukusoma tu. Kila mtu alijua. Iliandikwa kwenye karatasi ya kuingilia, kwa herufi ndogo: *Huduma ya utulivu imewashwa kwa usalama wako.* Ukanda ulipoona moyo unakwenda mbio, ulituma mkondo hafifu wa umeme nyuma ya paji la uso, na ule mchomo wa ghafla ukageuka kuwa kitu laini zaidi. Alifundishwa chuoni kwamba kiwango ni mbili kati ya kumi, cha kumzuia mtu asizimie.

Kwenye kioo kidogo cha kisanduku kulikuwa na tarakimu moja: nane.

"Funga hiyo, dada Subi."

Ambwene Mwasulama, msimamizi wa ukumbi, alikuwa amesimama nyuma yake na kikombe cha chai. Alikuwa mtu mpole, mwenye kutembelea wagonjwa, na hakuonekana kukasirika.

"Nane, kaka Ambwene."

"Najua ni ngapi."

"Tangu lini?"

"Tangu Mbalingo." Aliweka kikombe chini. "Wewe hukuwepo Mbalingo. Mimi nilikuwepo. Kule walionyesha filamu hii kwa kiwango cha sifuri, watu waione kama ilivyo. Ilipofika pale kwa 'watazoea', baba mmoja alisimama, akashika kifua, akaanguka. Watu wakakimbilia mlangoni. Walikufa wanne pale mlangoni, mmoja mjamzito. Tulimbeba, mimi nimeshika miguu, mwenzangu mabega. Unataka niendeshe sifuri hapa, kwa wazee hawa?"

Subilaga aliitazama tena ile nane. Aliuona mlango ule kana kwamba alikuwepo.

"Basi tuache kuwaonyesha," alisema.

"Huwezi. Jumamosi ni Tamko."

Hilo nalo alilijua. Zamani, kabla hajaanza kazi, kibali cha kampuni kama Mvuapwani kilipokwisha muda, Tume ya Mito iliita mikutano na watu wakasema. Wasemaji wakanunuliwa, wenye sauti kubwa wakawameza wanyonge, na mwishowe ikatungwa sheria iliyoonekana ya haki kuliko zote: mdomo unaweza kudanganya, mwili haudanganyi. Wananchi wangetazama filamu ya ukweli wote, mikanda ingesoma hisia zao, na mistari yote ya vipimo ingejumlishwa kuwa Tamko la Hisia. Hasira ikivuka thelathini kwa mia, kibali kinafutwa. Ikibaki chini yake, Tume huandika maneno matatu ambayo Subilaga aliyasoma kwenye majalada ya miaka iliyopita bila kuyafikiria: *Wameridhia kwa masikitiko.*

"Inasoma kabla ya kupoza au baada?" aliuliza.

Ambwene alitazama kikombe chake.

"Kaka Ambwene. Ukanda unapima hasira kabla haujaiondoa, au ukishaiondoa?"

"Baada," alisema.

"Kwa hiyo tunawavua hasira, halafu tunaandika kwamba hawana."

"Kwa hiyo wanarudi nyumbani wakiwa hai." Sauti yake ilipanda kwa mara ya kwanza. "Wamepoteza mto, wamepoteza watoto. Kitu pekee wanachopata kwangu ni usingizi. Na hata hicho unataka kuwanyang'anya?"

"Mama yangu yumo mle ndani," Subilaga alisema. "Nimemtazama mara kumi na moja akichimba mchanga kwa kiu, na kila mara nimetoka nikitaka chai. Nani alikupa ruhusa ya kunifanyia hivyo?"

Ambwene aliinama. Kisha alichukua kikombe chake akaondoka, na kisanduku akakiacha wazi.

* * *

Kuteremsha tarakimu ile kungemchukua sekunde mbili. Alilifikiria jambo hilo siku nzima ya Alhamisi, na kila alipolifikiria alimwona yule mjamzito wa Mbalingo. Tena kulikuwa na jingine lililomkera zaidi: akiwashushia kiwango kimyakimya, angekuwa ameamua yeye wahisi nini, kama wengine walivyoamua kabla yake.

Ijumaa alasiri alikwenda kwa Mzee Asangwile na Bi Atuganile. Waliishi nyumba za tanki, mtaa ambao kila paa liliunganishwa na pipa la umande. Aliwakuta barazani, mzee akichambua maharage, mkewe akishona. Akawasalimu, wakaitika, akapewa kigoda. Akawaambia yote, bila kupunguza: nane, Mbalingo, Tamko.

Mzee Asangwile aliendelea kuchambua maharage kwa muda mrefu.

"Mwanangu," alisema mwishowe, "mimi nilikuwa na hasira miaka kumi. Kabla ya huo ukanda wenu. Nilimpiga huyu." Alielekeza kidevu kwa mkewe. "Nilivunja kila kilichovunjika. Watoto hawakurudi. Sasa nakwenda pale kila mwaka, nawaona watu wamepoteza kama mimi, nalia vizuri, narudi nalala. Mimi uniachie hivyohivyo."

"Hata kama wanaandika umeridhia?"

"Waandike wanavyotaka. Ninayeumia ni mimi."

Bi Atuganile alikuwa ameacha kushona. Uso wake ulikuwa umebadilika rangi.

"Wa tatu alikuwa anaitwa Lugano," alisema. Hakuwa anamwambia mtu. "Alikuwa na miaka minne. Jumanne nilipomwona yule mama na bakuli lake nilijaribu kumkumbuka Lugano, sura yake, nikashindwa. Nikasema ni uzee." Alimgeukia Subilaga. "Sio uzee, eti?"

"Sijui, mama. Labda sio."

"Mimi nataka hasira yangu," Bi Atuganile alisema. "Hata ikiniua, nataka yangu. Yeye mwache na usingizi wake."

Mumewe alimtazama, akarudi kwenye maharage.

Subilaga aliondoka akijua la kufanya. Njiani alipita zahanati akamwomba muuguzi wa zamu aje ukumbini asubuhi, na machela mbili.

* * *

Jumamosi saa nne asubuhi watu walikuwa wamejaa. Kwa kuwa ilikuwa siku ya Tamko, mistari ingekwenda moja kwa moja kwa Tume. Milango yote minne ilikuwa wazi, imefungiwa kamba isijifunge; Subilaga alizifunga mwenyewe alfajiri. Mikanda ilikuwa kwenye viti. Kabla mtu hajavaa, alisimama mbele ya skrini.

Hakuwa msemaji. Aliwaambia tu ukanda unafanya nini, kwa kiwango gani, na kwamba hasira inapimwa ikishaondolewa. Aliwaambia habari za Mbalingo pia, wale wanne na yule baba, kwa sababu kuwaficha hilo kungekuwa udanganyifu uleule kwa upande mwingine. Alisema muuguzi yuko pale na milango iko wazi.

"Anayetaka kuvaa, avae. Anayetaka kutazama bila ukanda, auache kitini. Sitamlaumu yeyote."

Watu waligeuzageuza mikanda mikononi. Kisha mwalimu mmoja wa kike aliyeketi safu ya nyuma aliuliza, "Miaka yote hii?"

"Kwa miaka minane niliyofanya kazi hapa, mimi ndiye niliyewachajia."

"Na ulikuwa unajua?"

"Sikujua ni nane. Lakini sikuuliza."

Mwalimu alimtazama kwa jicho ambalo Subilaga hakulisahau tena. Wengine walianza kunong'ona, na mmoja alimtukana waziwazi. Subilaga aliona ni haki yao.

Kila mtu alitazamia Ambwene asimame amtoe nje. Ambwene alisimama, akaenda nyuma ya skrini, akarudi.

"Ni kweli," alisema. "Ni nane. Nimeangalia sasa hivi."

Filamu ilianza. Watu hamsini na wanane walikuwa wameacha mikanda kwenye viti.

Ilipofika mtoni, hapakuwa na pumzi moja ya pamoja. Kulikuwa na sauti hamsini na nane tofauti. Mwanamume mmoja aliinama akaweka kichwa kati ya magoti. Mama mmoja alianza kutaja majina, moja baada ya jingine, na hakunyamaza. Ilipofika pale kwa wakurugenzi na lile neno "watazoea", mwalimu wa kike alinyanyuka, akatembea hadi mbele, akairushia skrini kiti. Kitambaa kilichanika katikati, na mkurugenzi mwenye kalamu akaendelea kutabasamu pande mbili za ufa.

Wawili walizimia. Muuguzi aliwatoa kwa machela, na milango iliwatosha. Hakufa mtu.

Subilaga alikuwa amesimama karibu na safu ya tatu. Mzee Asangwile alikuwa amevaa ukanda wake, amekaa kwa utulivu, machozi yakimtiririka polepole. Kando yake mkewe, paji la uso tupu, alikuwa anatetemeka mwili mzima, meno yameuma kiganja, na sauti iliyomtoka haikuwa kilio. Ilikuwa nzito, ya chini, kama ya mnyama aliyekaa mtegoni muda mrefu. Mzee aliushika mkono wake. Alimpapasa, akamtazama kwa huruma, na ilionekana wazi kwamba hakuelewa. Alikuwa mbali naye kama aliye ng'ambo ya mto.

Subilaga alijiuliza kama amefanya wema. Hakupata jibu pale, na hakulipata baadaye.

* * *

Sheria ilitaka theluthi mbili ya mikanda iwe imesoma, yaani tisini na minne, ndipo Tamko lihesabike. Ambwene ndiye aliyejaza fomu. Angeweza kuwavalisha wahudumu mikanda mingine, kama Wilaya ilivyomshauri kwa simu mchana uleule. Aliandika themanini na miwili, akatia saini. Jumatatu alihamishiwa stoo ya vifaa, na Subilaga akafukuzwa kazi kwa kuhatarisha usalama wa umma. Mwalimu alishtakiwa kwa kuharibu skrini.

Lakini kibali cha Mvuapwani kilikuwa hakijahuishwa, na ndani ya sheria kilikuwepo kifungu cha zamani ambacho hakuna aliyekumbuka kukifuta: Tamko likibatilika, mjumbe wa Tume aende mwenyewe, awasikilize wananchi wakisema kwa mdomo.

Mjumbe alifika baada ya wiki tatu. Alikuwa mwanamke wa makamo aitwaye Mheshimiwa Kidawa, mwenye miwani na msaidizi mmoja, na alionekana amechoka hata kabla ya kuketi. Mkutano ulifanyika uwanja wa shule, kwa kuwa ukumbi ulikuwa umefungwa kwa matengenezo. Msaidizi alibeba sanduku la mikanda.

"Ni kwa kumbukumbu tu," Mheshimiwa Kidawa alisema. "Kiwango ni sifuri, ninaahidi. Itatusaidia kupima uzito wa mtakayosema."

Hakuna aliyesogea kuchukua. Hata Mzee Asangwile, aliyekuwa mstari wa pili, aliweka mikono yake mapajani, ingawa macho yake yalilitazama lile sanduku kwa hamu.

Bi Atuganile alisimama. Katika wiki tatu alikuwa amekonda. Asubuhi ile Subilaga alipompitia, alikuwa amemwambia, "Sikulaumu, mwanangu, ila usiniulize kama nalala." Sasa alisimama wima, akamtazama mjumbe machoni.

"Hiyo mikanda irudishe kwenye gari, Mheshimiwa," alisema. "Una kalamu?"

Mheshimiwa Kidawa alimtazama msaidizi wake. Msaidizi alipekua mkoba, akatoa kalamu na daftari lenye kurasa tupu, na ilikuwa dhahiri kwamba ni muda mrefu hawajavitumia.

"Ninayo."

"Mimi naitwa Atuganile, binti Mwakasege, wa Ilolanga. Nilikuwa na watoto watatu. Mto wetu haukufa wenyewe. Uliuawa, na waliouua walijua, na mpaka leo hii wanavuta mawingu pale juu." Alionyesha minara kwa mkono ulionyooka, na mkono ule haukutetemeka. "Sijasikitika. Nina hasira. Andika."